Maski za Wageni

Maski ilikuwa na joto.

Rodah alikwisha kufunga kamba za juu, akafunga za chini, ndipo akahisi kitambaa kina unyevu upande wa mdomoni, tena unyevu wa uvuguvugu, kana kwamba mtu ameivua sasa hivi akampa. Aliivua akaitazama. Ilikuwa nyeupe, safi, na mikunjo ya pasi haijavunjika. Matron Ongeri alikuwa ameitoa kabatini mbele ya macho ya wauguzi wote, kutoka kwenye katoni ambayo haikuguswa tangu wageni wa Februari. Akainusa. Ilinuka Robb, ile dawa ya kupaka ya mafua.

Katika hospitali nzima ya Kapsirgoi, mtu aliyekuwa akijipaka Robb puani kabla ya kuingia wodini alikuwa mmoja tu, Sista Bochaberi, na juma lililopita walikuwa wamemsindikiza hadi kwao Kisii, ng'ambo ya Sotik, wakamfukia kwenye udongo mwekundu.

"Sista Rodah, funga hiyo kitu vizuri," Matron akasema. "Wageni wako kwa gate."

Akaifunga. Angefanya nini? Wageni wako getini.

Hospitali ya Kapsirgoi ilikuwa ya misheni, ndogo, juu ya kilima, chai mbele na chai nyuma. Wodi ya Nne ndiyo iliyokuwa ya vifua. Hapo walilazwa wachuma chai na wakulima waliokohoa mwezi wa kwanza wakasema ni baridi, wa pili wakasema ni moshi wa jikoni, na wa tatu wakabebwa na machela. Madirisha yalifungwa mchana kutwa kwa sababu ya baridi na mvua ya mawe ya saa tisa, ambayo Kericho haikosi. Ukiyafungua wagonjwa wananung'unika, ukiyafunga mnavuta pumzi moja nyote, mgonjwa na muuguzi. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na kile kikohozi kilikuwa kinabeba watu wazima wenye nguvu kama majani makavu.

Maski zilikuwapo. Hapo ndipo roho inapouma. Kanisa moja la ng'ambo lilikuwa limeleta katoni nzima, maski sitini za kitambaa zenye kamba nne nne, na Matron akazifungia kwenye kabati la ofisini mwake. Wageni wakija zinatoka. Wageni wakiondoka anazikusanya mlangoni, anazihesabu, zinafuliwa, zinapigwa pasi, zinarudi kifungoni. Wauguzi walikuwa na msemo wao. Mmoja akiona vumbi la gari la wageni barabarani anaita, "Mgeni njoo!" na wengine wanaitikia, "Mwenyeji apone!" Kisha wanacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.

Matron Ongeri hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa shingo upande, lakini ni kweli. Alikuwa ameanza kazi kwa kupiga deki pale pale Kapsirgoi, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, na aliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni mgeni kufungua kabati akakuta halina kitu. "Maski zikiisha, wageni watakuta nini?" alikuwa akiuliza, na hakuna aliyewahi kumjibu kwa sauti.

Mwezi wa Februari aliwalegezea kidogo. Kila muuguzi wa Wodi ya Nne aliruhusiwa kubaki na maski moja mpaka ichakae. Kwa zamu ya mchana walikuwa wawili, Rodah na Bochaberi. Ya Rodah haikumaliza siku nne. Mzee mmoja aitwaye Kiptum, aliyeweweseka kwa homa, aliikamata akaipasua katikati. "Unafunga mdomo kwa nini?" alifoka. "Mimi nimeoza?"

Siku hiyo Rodah alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Hakuwa amemwambia mtu ila mumewe, Kipkirui, na Bochaberi. Bochaberi alizunguka nyuma yake, akafungua maski yake mwenyewe, akamfunga Rodah usoni kwa mafundo mawili kama anayemvisha mtoto kofia.

"Na wewe?" Rodah akauliza.

"Mimi niko na Robb." Bochaberi akajipaka puani kwa kidole kimoja, akacheka. "Lakini hiyo ni deni ya kulipwa na jina, mama kijacho. Mtoto akiwa msichana ni Bochaberi."

"Kwetu jina haipangwi hivyo. Mtoto akizaliwa, wamama wazee wanaita majina ya watu wa boma wenye walikufa. Moja moja. Ile jina mtoto atapigia chafya, basi ni huyo amerudi."

"Wacha! Chafya?"

"Chafya. Akikataa wanamwekea ugoro kidogo kwa pua."

"Basi nitakufa kwanza," Bochaberi akasema, "halafu nikuje nipigiwe chafya."

Walicheka mpaka Mzee Kiptum akawauliza kama wodi imekuwa arusi. Wahenga walisema ulimi huumba. Watu hulirudia neno hilo kila siku na bado hawafungi midomo.

Mwezi wa Aprili Bochaberi alianza kukohoa. Kikohozi chake kilikuwa na mwendo wake, viwili vifupi na kimoja kirefu, ungekijua hata ukiwa nje kwenye kamba za nguo. Matron alisema ni homa ya baridi. Mei alisema ni uchovu, akampa siku mbili za kupumzika. Juni damu ilipotoka, ndipo makohozi yakapelekwa kupimwa, na Bochaberi akalazwa katika wodi yake mwenyewe, kitanda cha saba, akatazama dari ambalo kwa miaka sita alikuwa akiwaambia wengine walitazame wakati wa sindano.

Rodah ndiye aliyemuuguza. Alimwogesha, akambadilishia shuka, akamlisha uji kwa kijiko, maski usoni.

"Toa hiyo kitu nikuone uso," Bochaberi alimwambia siku moja. "Nimechoka kuona macho peke yake. Kila mtu ni macho."

Rodah aliweka mkono tumboni, akatikisa kichwa.

Siku ya pili akaomba tena. "Dakika moja tu, Rodah. Nikuone uso."

Siku ya tatu Rodah alikuwa amesimama mlangoni na trei ya dawa. Alisikia akiitwa kwa jina, sauti nyembamba kama ya mtu aliye ndani ya pipa, na alijua anaitiwa nini. Akajifanya hakusikia. Akapitia upande wa wanaume kwanza. Alipofika kitanda cha saba, saa nne asubuhi, jua likiwa zuri dirishani, Bochaberi alikuwa amekwisha kufa na macho yake yanatazama mlangoni.

Haki alikuwa nayo. Alikuwa na mtoto tumboni. Daktari yeyote angemwambia umefanya sawa, na aibu haikupungua hata punje.

Kwa hiyo siku ya wageni Rodah alisimama kwenye mstari na ile maski yenye joto usoni, akipumua harufu ya Robb. Wauguzi walikuwa saba. Wageni wakapita wakisalimia. Mama mmoja mnene mwenye miwani alimpa Rodah mkono, akatabasamu, kisha akanyoosha mkono pembeni mwa Rodah, mahali pasipokuwa na mtu, akautikisa hewani kwa adabu, akainamisha kichwa, akaenda kwa mwingine.

Jioni Matron alikusanya maski mlangoni. "Nilitoa nane," alisema. "Ziko saba. Nani ameiba?"

"Tuko watu saba, Matron," akasema Sista Nyatichi, aliyeletwa kuchukua nafasi ya Bochaberi.

"Nilitoa nane. Nilihesabu kwa mkono, nane." Kisha akatazama viganja vyake, akaenda zake bila kumuaga mtu.

Baada ya majuma mawili likaja kosa. Faili ya Bochaberi ilikuwa bado katika rundo la Wodi ya Nne kwa sababu Matron hajaitia sahihi. Saa tisa za mchana, Rodah akigawa dawa, mawe ya mvua yakaanza kupiga mabati kwa kishindo, akawa hana budi kuyaita majina kwa sauti kubwa, jina moja, mgonjwa anaitikia, anameza mbele yake, jina la pili, anaitikia, anameza. Hakuwa na maski. Ile aliyopewa na Bochaberi aliitupa motoni siku ya mazishi, na kabati lilikuwa na kufuli. Mkono ukafunua faili iliyofuata na mdomo ukasoma kabla akili haijafika.

"Bochaberi!"

Kwenye kitanda cha saba, ambacho kilikuwa kitupu, shuka limevutwa likanyooka, kikatoka kikohozi. Viwili vifupi na kimoja kirefu. Papo hapo pua ya Rodah ikawasha, akapiga chafya kubwa iliyomwinamisha, na mtoto tumboni akaruka kama samaki.

Nyatichi, aliyekuwa ameshika jagi la maji, hakuelewa kitu. Lakini upande wa wanawake, wenyeji walikuwa wamekwisha kuelewa. Mchuma chai mmoja mzee aitwaye Chemutai, wa kitanda cha tisa, aliketi wima ingawa kwa siku nne hakuwa ameweza kuketi.

"Sista," alinong'ona kwa lafudhi ya Kipsigis, j ikigeuka ch na b ikigeuka p, "umepiga chafya kwa china ya nani?"

Rodah akaifunga faili.

"Na uko na mimba." Chemutai akajifunika blanketi hadi puani. "Weu! Huyo amekupali."

Tangu siku hiyo Wodi ya Nne haikukaa tena kama zamani, ingawa ukipita nje ungeona hospitali tu na moshi wa jikoni. Chati ya joto ya kitanda cha saba, waliyoiondoa, ilikutwa asubuhi imening'inia mahali pake, na mstari wa homa umechorwa hadi tarehe ya siku hiyo. Wagonjwa waliokaribia kitanda hicho waliomba kuhamishwa, na walipoulizwa sababu wakasema tu kwamba mtu wa hapo anapumua vibaya. Nyatichi, ambaye alikuja akiwa mcheshi, alianza kusali kwa sauti akitandika vitanda.

"Rodah, kwetu marehemu akikuandama hivi kuna kitu umekataa kumpa," alimwambia siku moja kwenye chumba cha sindano, akichungulia mlango. "Alikuomba nini?"

"Uso," Rodah akasema.

"Uso gani?"

"Wangu."

Nyatichi akarudi kwenye sindano zake.

Ofisini, Matron alikuwa na yake. Kila alipofungua kabati alikuta maski mbichi. Alidhani wauguzi wana ufunguo wa siri, wanazivaa kwa wizi na kuzirudisha, na aliwaita mmoja mmoja akawakaripia. Alibadilisha kufuli, akafunga ufunguo kwa utepe shingoni, ndani ya kanzu yake nyeupe. Mbichi. Akamleta mchungaji aombe, lakini kwa kuwa hakutaka aone ni ngapi ziko ndani, mchungaji akaliombea kabati likiwa limefungwa, akaweka mkono mlangoni, akasema amina, akapewa chai.

Mwishoni alimwita Rodah. "Wewe ndiye mkubwa wa ile wodi. Simama hapo uone nikifungua. Nataka shahidi."

Alifungua. Harufu ya Robb ilitoka kama mtu aliyekuwa amejificha. Matron akainua maski ya juu, akaigeuza. Katikati, mahali pa mdomo, palikuwa na doa la waridi, dogo, la duara. Akainua ya pili. Ya tatu. Zote zilizobaki, mpaka ya chini kabisa.

"Matron," Rodah alisema polepole, "zigawe. Ni hiyo tu anataka. Wape watu wavae."

Kwa kitambo uso wa Matron ulikuwa wa yule msichana wa kupiga deki. Kisha akaifunga katoni. "Na wageni wa Novemba wakikuja? Peleka zifuliwe."

Zikafuliwa, zikaanikwa nyuma ya chumba cha dobi, kamba tatu za maski nyeupe mbele ya mashamba ya chai. Ilikuwa saa sita mchana na hakukuwa na upepo, hata jani moja la chai halikutikisika, moshi wa kiwanda ulikuwa umesimama wima ng'ambo ya bonde. Rodah alikuwa akipita na beseni la shuka alipoona maski moja imezama ndani, kama inavyozama ukivuta pumzi, kisha ikatuna, kisha ikazama tena, na ya jirani yake nayo ikazama na kutuna, na ile iliyofuata, mpaka kamba yote ikawa inavuta na kutoa, na kamba ya pili ikaitikia, na ya tatu, maski zote zikivuta pamoja na kutoa pamoja, polepole, kwa taabu, kama wodi nzima ya watu walioziba vifua, na Matron, ambaye alikuwa amesimama upande wa pili wa kamba na Rodah hakujua amekuwapo muda gani, alikuwa ameweka mkono kwenye ufunguo kifuani, na ndipo zote zikasimama kwa pamoja, zikiwa zimezama, kama mtu aliyezuia pumzi, na kutoka katikati yao kikatoka kikohozi, viwili vifupi na kimoja kirefu, na sauti ile ya ndani ya pipa.

"Nikuone uso."

Beseni lilianguka.

"Ni upepo," Matron akasema.

"Hakuna upepo, Matron."

"Nimesema ni upepo!" Alianza kuzianua kwa mikono yote miwili, akizikumbatia zikiwa hazijakauka. Jioni zilikuwa zimepigwa pasi na kufungiwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Kapsirgoi walikuwa wameshaumbuliwa mara moja, lakini wapi.

Mwezi wa nane wa mimba Rodah alianza kukohoa. Matron alisema ni mtoto anabana kifua. Tarehe ishirini na tatu Agosti akajifungua msichana pale pale hospitalini, salama, mwenye nywele nyingi, na siku ya pili makohozi yake yakapimwa. Daktari alikuja mwenyewe kitandani na karatasi mkononi, akaikunja na kuikunjua.

"Utaanza sindano leo," alisema. "Utapona, Rodah, wewe unajua watu hupona. Lakini mtoto ni mdogo. Miezi miwili usimpumulie. Nyonyesha, mbebe, lakini maski isitoke. Hata ukiwa umelala. Umenisikia?"

"Nimesikia. Maski gani, daktari?"

Daktari alitazama pembeni. Alasiri Matron alikuja na maski moja imekunjwa vizuri. "Wewe sasa ni mgonjwa," alieleza, "na mgonjwa anaruhusiwa." Akampa daftari atie sahihi. Rodah alitia sahihi, akajifunga maski. Ilikuwa na joto.

Alitolewa hospitalini akaenda nyumbani kwa mama mkwe wake, upande wa Bomet, ambaye tangu mtoto azaliwe kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya. Kogo alikuwa mtu wa kanisa, mwenye kitambaa cha akina mama cha Jumapili, lakini mambo mengine alisema hayahusu mchungaji. Rodah alimweleza yote jikoni, kuanzia Robb hadi chafya.

"Ulikosa," Kogo alisema kwa sauti ya chini, akichochea moto. "Mwenye mimba haiti china ya maiti na pua wazi. Chafya ni mlango, na wewe ulifungua." Akafikiri. "Lakini mlango ni ya nani? Ni ya poma yetu. Tutaita watu wetu kwanza. Mmoja akiingia, huyo mgeni atakuta kiti imekaliwa, atarudi kwao."

Hilo ndilo tumaini lililokuwapo. Wakaliita jina siku ya Jumamosi, asubuhi, mlango wa jiko umefungwa nusu. Kogo na wazee wenzake wawili walikaa karibu na moto, mtoto mapajani mwa Kogo, na Rodah ukutani, maski usoni, mikono imeshikana. Kipkirui alikuwa nje akijifanya anatengeneza ua.

"Tapkigen," Kogo akaita, jina la mama mzazi wa mumewe.

Mtoto alitazama moto.

"Tapsubei. Tabarno." Wakamwekea ugoro puani, kiasi cha kucha. Mtoto mwingine yeyote angelipuka. Huyu alivuta pumzi akatulia. "Arap Mosonik. Arap Kosgei." Waliita wanawake, wakaita wanaume, wakaita wale wa zamani ambao Kogo mwenyewe aliwajua kwa kusikia tu, waliotoka Chebunyo na ng'ombe, waliokufa njaa, hata mmoja aliyefia vitani na ambaye haitwi. Ugoro ukaongezwa. Midomo ya mtoto ikaanza kugeuka rangi, kama mtu aliyeziba pumzi kusudi, anangoja.

"Kuna mtu amekalia mlango," mzee mmoja alinong'ona. "Watu wetu hawapiti."

"Mtoto anaisha!" Rodah alisimama. "Anaisha, Kogo!"

Kogo alimtazama, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hasira. "Basi ita wewe," alisema. "Wewe unamchua."

Rodah alikuwa na jina hilo ulimini tangu asubuhi. Akalitoa nyuma ya kitambaa, kwa sauti ndogo. "Bochaberi."

Mtoto akapiga chafya. Rangi ikamrudia usoni. Kisha, mbele ya wazee watatu na moto unaowaka, akakohoa, kifua kidogo kama cha ndege, viwili vifupi na kimoja kirefu.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Kogo akampaka mtoto maziwa kwenye paji la uso. "Mgeni akishaingia ndani hafukuzwi," alisema. "Anapewa maziwa."

Kipkirui alinung'unika siku tatu. "Mtoto wa Kipsigis aitwe Bochaberi? Na hii mambo ya mpaka na watu wa Kisii vile iko? Watu wataniuliza." Lakini jina likakaa. Na kutoka Kapsirgoi Nyatichi aliandika barua fupi: kitanda cha saba kimenyamaza, chati haijarudi, kabati likifunguliwa maski ni kavu, Matron anasema maombi yamejibiwa. Bado zimefungiwa. Wageni ni Novemba.

Rodah akasoma barua hiyo mara mbili, akaamini kwamba yameisha. Alikuwa amelipa. Aliyetaka jina amepata jina. Kilichobaki ni sindano, kila asubuhi kwenye zahanati ya sokoni, na kuzihesabu siku. Miezi miwili ni siku sitini, kama maski za katoni ilipoletwa. Alilala na maski, akala amegeukia ukuta, na mtoto akanenepa, akanyonya vizuri, macho yake hayabanduki kwenye macho ya mama yake. Kila mtu ni macho, Rodah alikumbuka, akajikaza.

Siku ya thelathini na nne alikaa nje juani kunyonyesha. Ilikuwa karibu saa tisa, mawingu meusi yanajipanga juu ya chai upande wa Kericho. Kogo alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Mtoto alinyonya, akaacha titi, akatulia. Rodah aliinama kumfuta maziwa mdomoni na harufu ikampanda, si ya maziwa.

Robb.

"La," alisema. "Nimekupa jina. Bochaberi, nilikupa jina."

Mkono mdogo ukatoka ndani ya shali, vidole vitano vyenye kucha laini, ukapanda kifuani kwake, ukapapasa shingoni, ukaikuta kamba ya maski. Rodah alikuwa ameifunga mafundo mawili, vile vile alivyofungwa Februari. Mikono yake yote miwili ilikuwa imembeba mtoto, na alipotaka kumweka chini mikono haikufunguka. Mtoto alivuta, bila pupa, bila kulia, na fundo la kwanza likalegea, kisha la pili, na kitambaa chenye joto kikateleza kidevuni kikaanguka mapajani.

Mtoto akauona uso wa mama yake kwa mara ya kwanza tangu maski ifungwe. Akatabasamu.

Rodah alikaza midomo, akaziba pumzi mpaka masikio yakavuma. Lakini kifuani kikohozi kilikuwa kimeshaanza kupanda, na mtoto alikuwa amefungua mdomo, anangoja.